Padri Placide Tempels: Kiongozi Aliyejifunza Kusikiliza

Watu wengi hudhani ya kuwa kuongoza ni kuamuru. Mtu akipewa kazi ya kusimamia wenzake, awe kapita kazini, mwalimu wa dini kijijini, au mkuu wa chama mjini, mara nyingi huanza kwa kusema mengi na kusikia machache. Halafu aona ya kuwa watu wake wamtii mbele ya macho yake tu. Akigeuka, kila mmoja ashika njia yake. Hapo hukasirika, naye huzidisha amri, na mambo huzidi kuharibika.

Yalimpata hayo hata padri mmoja wa Katanga, ambaye jina lake lilijulikana baadaye katika Afrika na Ulaya. Ndiye Padri Placide Tempels, wa shirika la Mtakatifu Fransisko. Kwa miaka kumi aliongoza kwa amri, akavuna haba. Kisha aligeuza njia yake, na watu waliokuwa wakimsikiliza tu wakawa wao wenyewe viongozi wa wengine. Maisha yake yafaa yajulikane na kila aliyekabidhiwa kikundi cha watu, kwa ajili ya mema aliyoyatenda, na pia kwa ajili ya yale yaliyopungua katika kazi yake.

Ujana wake na safari ya Kongo

Alizaliwa tarehe 18 Februari 1906 huko Berlaar, katika Ubelgiji, upande wa nchi ile ambako watu husema Kiholanzi. Wazazi wake walimwita Frans. Mwaka ule ule wa 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyochimba shaba katika nchi ambayo mtoto huyo angekuja kuitumikia. Lakini wakati ule mji wa Élisabethville, uitwao Lubumbashi tangu mwaka 1966, ulikuwa haujajengwa. Ulianzishwa mwaka 1910, njia ya reli ilipofika kutoka kusini.

Mwaka 1924 kijana Frans aliingia katika shirika la Mtakatifu Fransisko, akapewa jina la kitawa, Placide. Alipata upadri mwaka 1930, na mwaka 1933 wakubwa wake walimtuma Kongo. Alipelekwa katika nchi ya Waluba, pande za Kamina, akatembea vijiji vingi kwa kufundisha, kubatiza na kusimamia kazi za misioni.

Miaka kumi ya amri

Kwa bidii hakuwa na upungufu. Alijifunza lugha ya wenyeji, alijua kazi yake, wala hakuogopa safari. Lakini baadaye aliandika mwenyewe, bila kujificha, jinsi alivyokuwa siku zile. Alikuja kama bwana mwenye kujua yote. Yeye alisema, watu walisikia. Yeye aliagiza, watu walifanya. Alikuwa na mafundisho tayari, na kanuni tayari, na majibu tayari kwa maswali ambayo hakuna mtu aliyeyauliza.

Hakuwa peke yake katika mwenendo huo. Kongo nzima ilitawaliwa hivyo: serikali ya Kibelgiji iliamuru, kampuni ziliamuru, na misioni nyingi ziliamuru vile vile. Katika kambi za Union Minière mfanyakazi alipewa nyumba, posho, hospitali na shule ya watoto wake, lakini mara chache aliulizwa neno. Matunda ya desturi hiyo yalionekana kwa uchungu katika Desemba 1941, wakati wa vita kuu ya pili. Wafanyakazi wa Élisabethville waligoma wakidai mshahara uongezwe, kwa kuwa vitu vilikuwa vimepanda bei. Tarehe 9 ya mwezi ule walikusanyika katika uwanja wa mpira, askari wakawapiga risasi. Wengi walikufa, na msemaji wao Léonard Mpoyi pamoja nao. Pale ambapo wakubwa hawana masikio, maneno madogo hugeuka kuwa damu.

Padri Tempels, huko vijijini, hakuona damu. Aliona jambo la kimya zaidi, nalo lilimsumbua. Watu walikuja kanisani, walikariri mafundisho, walibatizwa. Lakini yalipowapata magonjwa, utasa au msiba, wengi walirudia njia zao za zamani, kana kwamba hawakufundishwa kitu. Baada ya miaka kumi hivi alikiri moyoni kwamba maneno yake yalipita juu ya vichwa vya watu kama upepo juu ya majani.

Siku alipoanza kuuliza

Kiongozi mwingine angewalaumu watu wake, kwamba ni wagumu, ni wavivu, au ni wasahaulifu. Padri Tempels alijilaumu mwenyewe kwanza. Aliona ya kuwa hakuwajua watu aliowaongoza. Alijua majina yao, na hesabu yao katika daftari la ubatizo, lakini hakujua walitafuta nini duniani.

Basi akaweka kando mafundisho yake kwa muda, akaanza kuuliza. Hakuuliza kama karani aandikaye kodi. Aliuliza kama mtu atakaye kujua kwa ajili ya nafsi yake: ninyi ni watu gani, mwatamani nini kuliko vyote, mwaogopa nini, na mnapowaendea waganga mwataka wawape nini. Akakaa, akasikia. Wazee walipoona ya kuwa asikia kweli, walianza kusema mambo ambayo hawakumwambia padri yeyote mbele yake.

Katika majibu yao alisikia mambo matatu yakirudi siku zote. Watu walitaka uzima, uzima wenye nguvu, usiopunguzwa na uovu wala uchawi. Walitaka uzazi, yaani kuwa baba na mama, wasife bila kuacha mtu. Na walitaka mapendo, yaani umoja na wengine, kwa sababu mtu aliye peke yake ni kama mfu. Hapo padri alishangaa, kwa kuwa alipojitazama moyoni aliona ya kuwa hata yeye, mtawa wa Ulaya, alitamani yale yale. Akawaambia. Hivyo kwa mara ya kwanza hawakukaa tena kama bwana na watumishi, bali kama watu waliokutana. Naye akaona ya kuwa Injili aliyoihubiri miaka yote hiyo ilikuwa na jibu kwa matamanio hayo matatu. Ila hakuwahi kuileta pale yalipo.

Kitabu kilichochapwa Élisabethville

Yale aliyoyasikia aliyaandika kwa Kiholanzi. Antoine Rubbens, mwanasheria wa Élisabethville, aliyageuza katika Kifaransa, na mwaka 1945 kitabu kilitolewa mjini humo kwa jina La philosophie bantoue. Kilisema ya kuwa Wabantu wana hekima kamili, yenye mpango na mizizi, wala si watu wasio na fikira kama Wazungu wengi walivyodhani. Padri Tempels aliandika pia katika gazeti la mji, L'Essor du Congo, akitetea haki ya watu waliotawaliwa.

Maneno hayo hayakuwapendeza wakubwa wote. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, aliyeongoza Kanisa la Katanga, alikipinga kitabu hicho kwa nguvu. Mwaka 1946 Padri Tempels alirudi Ubelgiji, akakaa huko karibu miaka mitatu. Wakati huo kitabu chake kilisafiri mbele yake. Mwaka 1949 Alioune Diop wa Senegali alikitoa upya mjini Paris, katika nyumba ya vitabu ya Présence Africaine.

Lakini haifai kuficha ya kuwa Waafrika nao walikuwa na neno juu yake. Mshairi Aimé Césaire wa Martinique aliandika mwaka 1950 akionya ya kuwa ni rahisi kwa watawala kuisifu hekima ya Wabantu huku wakiwanyima mkate na haki. Wanafalsafa wa Kiafrika waliokuja baadaye waliuliza kwa nini mtu mmoja, tena mgeni, aseme kwa niaba ya mamilioni, kana kwamba wote wana wazo moja. Shauri hilo ni la kweli kwa kila kiongozi. Kuwasikiliza watu ni hatua ya kwanza tu. Kusema badala yao si mwisho wa safari. Mwisho ni wao wenyewe kusema. Na hatua hiyo Padri Tempels aliifikia katika kambi za wafanyakazi, na si katika kitabu.

Jamaa yazaliwa Kolwezi

Alirudi Kongo mwaka 1949. Tangu mwaka 1953 alikaa Kolwezi, mji wa migodi ulio mbali na Lubumbashi karibu kilomita 300 upande wa magharibi, ambao leo ni makao makuu ya jimbo la Lualaba. Huko alikuta watu wa aina nyingine. Si wanakijiji tena, bali wafanyakazi wa Union Minière, Waluba, Walunda, watu wa Kasai na wengine, waliochanganywa katika kambi moja. Mume alishinda kazini, mke alikaa nyumbani, jirani hakuwa ndugu, na Kiswahili kilikuwa lugha ya wote.

Hapo hakuanzisha chama kikubwa, wala hakuandika sheria, wala hakuchagua wakubwa. Alianza na watu wachache waliooana, mume pamoja na mke wake. Aliongea nao taratibu, jioni baada ya kazi, akiwaeleza yaliyomo moyoni mwake, nao wakimweleza yao. Kisha aliwataka mume na mke wafanye hivyo wao kwa wao nyumbani. Kwa wengi lilikuwa jambo jipya: mume kukaa na mkewe na kumwambia mawazo yake yote, na kusikia ya mkewe. Watu hao waliitana baba na mama, na umoja wao ukaitwa Jamaa.

Msomaji atazame hapa jinsi kazi ilivyokua. Mume na mke waliotaka kuingia hawakupelekwa darasani. Walikabidhiwa kwa mume na mke wengine waliotangulia, nao wakawa kama wazazi wao wa kiroho. Hao waliwaendea nyumbani, wakawasikiliza, wakawaongoza hatua kwa hatua, hatua tatu kwa jumla, mpaka wakomae. Na waliokomaa walitazamiwa nao kuzaa wengine. Hakuna aliyehesabiwa kuwa ameingia kwa kweli ikiwa hajaweza kumlea mwenzake. Hivyo lile neno uzazi, ambalo wazee wa Kamina walilisema zamani, likawa kanuni ya kazi: kiongozi ni yule azaaye viongozi.

Katika mikutano ya mafundisho, mchimbaji wa shaba asiyejua Kifaransa alisimama akafundisha, na mkewe alifundisha pia. Padri alikaa kati yao akisikia. Mapadri waliotaka kuingia walipita njia ile ile kama wengine, nao walikubali kuelezwa na kuulizwa na watu wa parokia zao. Hilo si jambo dogo ukikumbuka ya kuwa nchi ilikuwa bado chini ya ukoloni, na Mzungu kusikiliza mafundisho ya mfanyakazi mweusi lilikuwa jambo la ajabu.

Wafanyakazi walipohamishwa, au waliporudi kwao, waliichukua Jamaa pamoja nao. Kwa njia hiyo, bila barua wala fedha ya matangazo, ilifika Likasi, Lubumbashi, Kamina, na hata Kasai. Mwaka 1960 Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, na siku chache baadaye Katanga ilijitenga mpaka Januari 1963. Makabila yalitiwa uadui, na wengi wakafukuzwa makwao. Kwa wakati kama huo, nyumba ambamo watu wa makabila mbalimbali waliitana baba na mama ilikuwa na thamani kubwa.

Kuondoka kwake, na mambo yaliyopungua

Mwaka 1962 Padri Tempels alirudi Ubelgiji, wala hakurudi tena Kongo. Jamaa haikufa kwa kuondoka kwake. Hilo ndilo jaribio la kazi ya kila kiongozi: akiondoka, watu wabaki wamesimama au waanguke? Waliomfuata walisimama.

Lakini jaribio la pili lilikuwa gumu zaidi. Kwa kuwa Jamaa haikuwa na sheria iliyoandikwa, na mafundisho yake ya ndani yalitolewa kwa siri kati ya watu wachache, ilikuwa vigumu kujua nani afundisha sawasawa na nani apotosha. Vikatokea vikundi vilivyojitenga, vilivyojulikana kwa jina la Katete, ambavyo vilishitakiwa kupotosha mafundisho juu ya umoja na mapendo. Miaka ya 1970 maaskofu walilazimika kutoa maonyo na masharti. Familia nyingi nzuri ziliona haya kwa makosa ya wengine, na wengine walitakiwa kuchagua kati ya kikundi chao na Kanisa lao.

Yaonekana hapa ya kuwa moyo mwema hautoshi. Padri Tempels aliogopa kanuni, kwa kuwa alikuwa ameona jinsi kanuni zinavyoweza kuua moyo. Lakini mto usio na kingo hugeuka kuwa kinamasi. Kukataa kutawala watu ni jambo moja. Kuwaacha bila alama za njia ni jambo jingine.

Yamfaayo kiongozi

Katika maisha haya kila msimamizi wa watu aweza kuchota mambo matano ya kutenda.

Kwanza, aulize kabla ya kuagiza. Anapopokea kikundi kipya, siku za mwanzo na ziwe za kusikia: kila mmoja ajua nini, aweza nini, atamani nini, na nini kinamzuia. Kapita ajuaye ya kuwa mtu wake ana mgonjwa nyumbani atampangia kazi vema kuliko yule ajuaye namba yake tu.

Pili, ajifunue naye. Atakaye watu waseme kweli mbele yake na aanze yeye. Padri Tempels hakufunguliwa mioyo ya watu mpaka alipoufungua wake.

Tatu, aanze na wachache. Watu wawili au watatu waliolelewa vizuri wazidi mia waliokusanywa kwa kengele. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole vyatosha viwili kuanza.

Nne, amkabidhi kila aliyekomaa mtu wa kumlea. Mtu hujifunza kwa kweli anapofundisha. Kiongozi asiyetoa kazi yake kwa wengine, kwa hofu ya kupunguziwa heshima, huzeeka peke yake, na kazi hufa naye.

Tano, aache alama zilizo wazi. Na ijulikane nini kinafundishwa, nani atoa hesabu kwa nani, na mambo yakiharibika yasemwe wapi. Lisiwepo jambo la kikundi lisiloweza kusemwa mchana. Hili la tano ndilo lililokosekana katika Jamaa, nalo liligharimu mengi.

Padri Placide Tempels alifariki Hasselt, katika Ubelgiji, tarehe 9 Oktoba 1977, mwenye umri wa miaka 71. Kitabu chake kingali kinasomwa na kubishaniwa katika vyuo vikuu, pamoja na kile cha Lubumbashi, mji kilikochapwa mara ya kwanza. Lakini kazi yake kubwa zaidi haikuandikwa katika karatasi. Ilikuwa katika nyumba ndogo za kambi, mume na mke wakikaa pamoja na mume na mke wengine baada ya kazi, na padri akiwa kwenye kiti chake pembeni, akinyamaza ili wengine waseme.